Wimbo Uliokuja Bila Vituo

Matanga ya baba yalipokwisha, ndugu waligawana vitu vyake kama ilivyo desturi yetu, na kompyuta yake ya zamani ikagawanywa vilevile. Kioo kilienda Lalago kwa baba mdogo, sanduku likaenda Mkula kwa shangazi, mimi nikabaki na kibodi. Nilikasirika, ila nikaichukua.

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na nyimbo alizokitungia kikundi chake cha ngoma. Mama alitaka kujua jambo moja tu: kama baba aliumaliza wimbo aliouanza akiwa mgonjwa. Mama alikuwa akimkataza kuchapa ili apumzike.

"Siku nyingine nilimzimia umeme," aliniambia. Hilo lilimkaa rohoni.

Msimu huu wa pamba nikazunguka kuazima vipande. Baba mdogo alikuwa amekiweka kioo juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Ukimaliza, kioo changu kirudi," alisema. Kioo kisichoonyesha kitu bila sanduku, nami nikaitikia kwa adabu.

Dukani kwangu Somanda, ninapochapia watu barua na kutoa fotokopi, niliviunga vipande, kompyuta ikawaka. Nilitaka kumchapia mama nyimbo kwenye karatasi, lakini diski zake hazikusomeka kwenye mashine yangu yoyote, na mashine mpya hazina hata tundu la waya wa zamani. Nikatoa stoo kompyuta yangu kuukuu, ya kampuni nyingine, nikaziunganisha migongoni kwa waya. Nikaiamuru ya baba itume polepole, isije ikameza herufi.

Maneno yakaanza kuja, herufi moja moja, kijani kwenye weusi, huku upepo ukisukuma vinyuzi vya pamba mpaka mlangoni. Ikawa kama baba yuko chumba cha pili, anachapa kwa vidole viwili, nami naota macho wazi. Sikutaka iishe.

Ilipoisha niliona kasoro. Alama ya kumaliza mstari ya mashine yake, yangu haikuielewa. Nyimbo zote zilikuja kama mstari mmoja mrefu usio na kituo. Nilizichapa hivyohivyo, nikampelekea mama.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia mama kwa lugha yetu.

Tulikaa barazani. Nilisoma, na yeye, amefumba macho, akawa ananielekeza pa kukata.

"Hapo pumua. Hapo wanaitikia."

Nikaweka alama kwa kalamu, wimbo baada ya wimbo, mpaka ule wa mwisho, ulioanzwa baba akiwa mgonjwa. Mwanzo wake aliukata vizuri, kisha akaacha kunielekeza. Niliendelea kusoma nikimsubiri, pumzi ikaniishia.

"Mayu, nikate wapi?"

"Sijui," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa anatabasamu. "Kuanzia hapo hakuniimbia. Soma tu, mwanangu."

Nikasoma bila kituo, mpaka pale baba alipojitaja jina, kama watunzi wetu wanavyofanya wimbo ukiisha.