Vitabu vya Marehemu Vyahamia Saluni

Wiki iliyopita, katika ofisi ya shule moja hapa Bomang'ombe, nilimkuta mama mjane na kapu la vitabu vya marehemu mumewe. Mwalimu mkuu alivipekua kwa upole.

"Mama, mtaala umebadilika. Hatuna pa kuviweka."

Mama akaanza kuvirudisha kapuni, akikifuta kila kimoja kwa kanga. Dada msusi aliyekuwa akisubiri zamu yake akamsogelea.

"Shikamoo, mama. Nipe mimi, nitaviweka saluni."

"Marahaba. Watavisoma kweli?"

"Wakisukwa hawana pa kwenda."

Mama akacheka, akamkabidhi kapu.

Jana nilipita saluni hiyo. Mteja mmoja alikuwa ameshamaliza kusukwa, lakini bado amekaa anasoma. Tunalalamika kwamba watu hawasomi. Huenda hatujawahi kuwapelekea vitabu pale walipokaa.