Nyapara Anayewafukuza Watoto Kwenye Mkonge

Jua ndiyo kwanza linachomoza upande wa Sagalla, na Tryphena Wakesho tayari ameshika kiuno. Mbele yake amesimama Kavinya, mkataji mgeni kutoka Voi, na binti yake Shanice wa miaka kumi. Shule zimefungwa.

“Mama Lewis, huyu ananisaidia tu kufunga mafungu,” Kavinya anajitetea. “Nikimwacha nyumbani atashinda bure.”

“Hata mimi nilikuwa nasaidia tu,” anajibu Tryphena. “Mtoto arudi.”

Shanice anaangua kilio. Alitaka kubaki na mama yake.

Tryphena, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ni nyapara wa wakataji katika shamba dogo la mkonge chini ya Mwatate. Wenzake humwita roho ngumu. Ukweli ni kwamba kazi ya kufukuza watoto inamuuma, maana utoto wake wote uko kwenye mkonge, na aliupenda.

Aliteremka na mama yake kutoka Chawia baada ya baba kufariki, wakapewa chumba katika kambi ya shamba jingine, ambalo sasa ni vichaka vitupu. Mama alikata majani na kupunguza miiba. Watoto walifunga mafungu kwa ukanda wa jani lenyewe. Kila nyumba ilikuwa na fundo lake, ili jioni mhesabuji ajue fungu ni la nani.

“Letu lilikuwa na masikio mawili kama ya sungura,” anasema, na vidole vinalifunga hewani. “Mchana tunafukia muhogo kwenye jivu. Tunaimba nyimbo za kanisa mpaka sauti zinakauka. Ningepewa siku moja tu ya wakati ule, ningeichukua mbio.”

Jicho lake la kushoto halioni vizuri tangu mwiba ulipomchoma akiwa na miaka tisa. Hilo analitaja kwa kupitia tu, kama mtu anayetaja mvua ya juzi.

Lakini kambi ile ilikuwa na sheria yake: asiyeleta watoto shambani hana chumba. Mama alithubutu kumpeleka Tryphena shule. Kabla wiki haijaisha, sufuria zao zilikuwa nje, kwenye vumbi. Tryphena akarudi kufunga mkonge bila kuambiwa sababu, na dawati hakuliona tena.

“Miaka yote nilidhani mama alinitoa shule kwa hiari yake,” anasema. “Nilimwekea kinyongo bure, maskini.”

Alifunguka macho kwenye mkutano wa akina mama kanisani, afisa wa leba alipowasomea Katiba: Kifungu cha 30 kinakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, na cha 53 kinamlinda mtoto dhidi ya kazi ya hatari na ya kunyonywa.

“Mimi nilijua utumwa ni minyororo. Kumbe hata zile sufuria kutupwa nje!”

Hata hivyo, Katiba haimfungii mama mafungu. Asiye na msaidizi hukata kidogo na kulipwa kidogo, na likizo iliyopita akina mama wawili waliacha kazi kwa uchungu. Leo Kavinya naye amekunja gunia lake, yuko tayari kuondoka.

Tryphena anamwita Mumbe, mkataji wa siku nyingi. “Nyinyi Wakamba si mna mwethya? Mnalimiana shamba kwa zamu. Basi mmoja akate, mwingine afunge, halafu mbadilishane. Hesabu mtagawana. Nimeongea na meneja, amekubali tujaribu.”

Kavinya anamtazama Mumbe, kisha anaweka gunia chini. Shanice anaondoka na dada yake mkubwa aliyekuja kumchukua, huku akimtupia nyapara jicho baya.

Tryphena anaomba mpango huo udumu zaidi ya likizo hii, na anataka kanisa liwafungulie watoto chumba cha kusomea shule zikifungwa. Wakimchukia, wamchukie tu.

“Mimi nilinyang’anywa shule huku naimba,” anasema. “Hawa sitaki waje kuukumbuka mkonge kwa hamu.”