Lukas wa Nyakato aliyemchora mchumba wangu

Wakuu, salaam.

Wanaonijua humu ndani wanajua kazi yangu ni riwaya, kwa hiyo najua wataanza, "Huyu naye na hadithi zake." Hii sikuitunga. Ningeitunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Ni Mwanza, miaka ya tisini, biashara zilipofunguliwa. Kila mwenye chumba kinachotazama barabara alitoboa mlango akaanzisha duka, na kila duka lilitaka bango. Mimi na mwenzangu Masanja tulikuwa na kibanda cha kuchora mabango pale Igogo. Yeye herufi, mimi sura.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa na jina. Nyusi nilizichora kama zimepimwa kwa rula. Nywele za kalikiti ziling'aa mpaka unahisi mafuta yatakudondokea begani.

Nilikuwa na mchumba, Pendo, muuza vitambaa kwenye duka la Mhindi mmoja mtaani hapo. Nilishamchora mara nyingi. Kila mara alisema "asante, nzuri," akaiweka picha chini ya godoro. Nilishapeleka na neno la posa. Nadhani nalo aliliweka huko huko, maana jibu halikuja.

Sasa, Mama Koku, mama wa Kihaya mwenye maneno yake, akatupa kazi ya bango la saluni, jirani na duka la kina Pendo. Alitaka uso wa mwanamke, na siku ya kufungua alishaitangaza.

Wiki hiyo hiyo nikaenda mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, kununua sangara. Nikamshika vibaya, mwiba wa pezi ukaniingia chini ya kidole gumba. Kesho yake mkono wa kulia umevimba kama andazi, umefungwa bandeji.

Masanja alijua herufi tu. Ukimwambia achore uso, anakupa kiazi chenye macho.

Nikashika brashi kwa kushoto.

Wakuu, mkono wa kushoto haujui chochote. Mstari ulitetemeka, ukasita kwenye shavu, ukarudi. Sikuwa na uwezo wa kuringa, ilibidi niangalie tu. Na niliyekuwa namwangalia kichwani ni Pendo. Si yule anayekaa ili achorwe. Pendo wa dukani, mteja anapong'ang'ania apunguziwe, ile kona ya mdomo inayotaka kucheka na kukataa kwa pamoja.

Nilipomaliza niliona aibu. Sikio moja lilikuwa juu kuliko jingine.

Mama Koku akaja. Tukamwamkia, akaitikia marahaba bila kututazama. Alisimama mbele ya bango muda mrefu.

"Huyu ananiangalia," akasema. Kisha akaiona bandeji yangu. "Nani kachora? Usiniambie ni wewe kwa huo wa kushoto. Mkono wa chooni hauchori uso wa mtu mlangoni kwangu."

Masanja hata mate hakumeza. "Ni Lukas, mama. Fundi mmoja wa Nyakato, tulimwita atusaidie."

"Mungu amtunze."

Lukas alizaliwa hivyo.

Bango likapandishwa, na watu wakawa wanasimama barabarani kulitazama. Wateja wakaanza kuja kibandani, "Yule wa Nyakato yupo?" Masanja anajibu kwa uso mkavu, "Lukas ana kazi nyingi." Na mimi nimekaa pale pale, naosha brashi.

Kisha akaja Pendo.

"Deo, huyo Lukas aliniona wapi?"

"Dukani labda. Wanapita wengi."

"Aliniangalia vizuri. Wewe unanichora kama mwanamke wa kwenye kalenda. Yeye kanichora nikiwa na mteja msumbufu." Akaanza kuondoka, akageuka. "Ana mke?"

Ningeweza kusema. Nilifungua kabisa mdomo. Lakini nikisema ni mimi, mkono niliouhangaikia ujana wangu wote unashindwa mbele yake na mkono usiojua hata kushika kijiko. Nikajibu, "Sijui."

Hapo ndipo wivu uliponiingia, na haukugonga mlango. Nilimpa Lukas mwili. Mrefu, mpole, shati limenyooka. Siku moja nina shughuli Nyakato, nikajikuta nawachunguza wanaume wanaotoka viwandani, natafuta mwenye rangi kwenye kucha. Mtu ninayejua hayupo. Nikikaa jioni, ule mkono wa kushoto umelala pajani kama mgeni asiyetaka kuaga.

Mkono wa kulia ulipopona nikachukua ngazi na rangi. Nikamwambia Mama Koku sikio limekaa vibaya.

"Sikio tu," akasema. "Kwingine usiguse."

Mimi nilikuja kuufuta uso wote.

Nimeshapanda, Pendo akatoka dukani, tepu ya kupimia shingoni. "Deo, unafanya nini huko?"

"Narekebisha."

"Kakutuma Lukas?"

Nilikuwa uso kwa uso na ule mstari wa mdomo uliotetemeka. Mkono wa kulia ulijua kuunyoosha. Ungeunyoosha, na Pendo angeondoka mle ndani.

Nikahamishia brashi kushoto.

Siku ambazo hakuvaa hereni, Pendo alikuwa anaweka kijiti cha ufagio sikioni ili tundu lisizibe. Nikakichora hicho kijiti, pole pole, kikapinda kidogo.

Kule chini Mama Koku ndiye aliyeanza. "Yesu wangu. Wa kushoto."

Pendo alishika tundu la sikio lake. Akanitazama, akalitazama bango, ile kona ya mdomo ikaanza.

"Lukas," akasema, "shuka tukale."

Jibu la posa likaja. Mama Koku hakuliondoa bango, ila aliendelea kuwaambia wateja limechorwa na fundi wa Nyakato.

Nilichojifunza ni kwamba mkono uliozoea unachora unachokijua. Usiozoea unalazimika kuangalia.

Ila wivu haukuisha, wakuu. Mpaka leo Pendo akikasirika mimi ni Deo. Mambo yakiwa matamu, mimi ni Lukas. Nageuka kuitika huku roho inaniuma, huyu jamaa kapewa nini ambacho mimi sina.

Haya, shikeni kalamu kwa ule mkono mwingine, mchoreni mliye naye. Mje mniambie hapa chini nani ametokea.