Ubeti wa Makuti

Jamani, mimi nimeshawahi kwenda kuomba radhi ukweni nikiwa nimepakwa unga hadi masikioni, na aibu ile bado inanitafuna, kwa hiyo wa kucheka wacheke mapema tumalize.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, maduka ya Kibiti yamejaa bati na redio kaseti, na mdogo wangu Salum anaoa Bungu. Binamu yangu Mwanaidi ndiye mtunzi wetu wa nyimbo za harusi, fundi kwelikweli, akaja kuniimbia wimbo mpya nimwambie penye kasoro. Wimbo mtamu, ila ubeti wa tatu ulimsifu Salum kwamba penzi lake halikutazama bati, likafuata nyumba ya makuti. Mwanaidi aliona hayo ndiyo mapenzi ya kweli. Mimi akilini nilimwona mama wa bibi harusi kakaa barazani kwake, chini ya makuti yake, anasikiliza umaskini wake ukiimbwa.

Sasa kumwambia mtu usoni kwamba kazi yake ina dosari mimi haya zinanishika, na kwa kuwa binamu kwetu ni mtani, nikaona nipitie humo humo. "Mtunzi gani wewe?" nikamwambia. "Hata mbuzi wa kule kijijini Mkongo akilia anatoa maneno ya maana. Ubeti huo wa makuti katupe mtoni."

"Nitakutupa wewe kwanza, mamba wale mifupa," akasema, tukacheka mpaka tukashika mbavu, akaondoka na ubeti wake.

Siku ya harusi, huko Bungu nyumbani kwa bibi harusi, Mwanaidi kashika maikrofoni, watu wanamtuza, naona ubeti wa tatu unakaribia, nikamwendea nikamnong'oneza auruke. Akatangaza kwenye spika, "Mtani wangu ana wivu!" Nikamnyang'anya maikrofoni nikasema kwa uchungu kabisa, "Jamani, sitanii," watu wakaanguka kwa kicheko (mtani gani husema anatania?), wanawake wakanivamia na unga wa vitumbua, wakanipaka kama mtani anavyopakwa harusini, na humo ndani ya unga nikausikia ule ubeti ukiimbwa kwa ufundi wote, kisha ukarudiwa.

Vigelegele vikakatika. Mama wa bibi harusi akanyanyuka, akamwingiza mwanawe ndani, akafunga mlango. Mimi ndiye dada mkubwa wa bwana harusi, nikasukumwa nikaombe radhi, hata kunawa sikupata nafasi.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kuomba radhi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mwanangu, kanawe kwanza, ndipo uje ututukane vizuri."

Wazee walizungumza mpaka magharibi ndipo tukapewa mke. Njiani Mwanaidi alikuwa analia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Ulinitania, Zuhura. Ningejua unasema kweli ningeufuta pale pale."

Iliniuma, maana alisema haki. Siku hizi akileta wimbo namkalisha kitako, namwambia hapa pametulia, hapa pataumiza watu, na sababu yake hii. Ananuna, anaondoka bila kuaga, kisha anarudi na wimbo ulionyooka. Kutaniana tutataniana, harusini na hata msibani, lakini kazi yake nimeapa sitaitania tena.