Lango Lililofunguliwa Saa ya Chakula

Ghislaine Vauquelin alimdanganya bintiye kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Alimwambia Clotilde kwamba yeye na baba yake wanakwenda Nevers kumsalimia binamu, watakaa wiki nzima, na simu huko hazishiki vizuri. Kisha akatoa baiskeli mbili bandani, akazijaza upepo, akafunga mifuko kwenye keria, na asubuhi iliyofuata yeye na mumewe wakapanda treni hadi Decize, mahali unapoanzia mfereji wa Nivernais.

Kila Juni kwa miaka kumi na minane walikuwa wakiendesha kutoka Decize hadi nyumbani kwao Auxerre, wakifuata njia ya kando ya mfereji, wakilala katika nyumba za wageni na kula mkate na jibini chini ya miti ya mipopla. Lakini mwezi wa Machi daktari alikuwa amemwita Ghislaine pembeni na kumweleza ugonjwa wa kusahau wa mumewe, Aubin, ulipofikia. Asiachwe peke yake barabarani, alisema. Clotilde, aliyekuwa amewafuata, aligeuza maneno hayo kuwa amri: baiskeli sasa basi. Ghislaine aliitikia kwa kichwa. Aliyemfahamu angejua kwamba hakuwa amekubali.

Aubin alikuwa mlinzi wa malango ya mfereji huo kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kushusha na kupandisha mashua: chombo kinaingia katika chumba cha mawe, milango inafungwa nyuma yake, maji yanaongezwa au kupunguzwa kwa vizibo vya chuma, kisha kinatoka upande wa pili kikiwa juu zaidi au chini zaidi. Ghislaine alikuwa mpeleka barua. Wakati huo alipita langoni kwa Aubin kila asubuhi na baiskeli yake ya posta, na kila asubuhi alikuta milango, ambayo juu yake ndiyo njia ya kuvukia, imefunguliwa wazi, akalazimika kusubiri ng'ambo huku mlinzi akimwomba radhi na kumsimulia habari za hali ya hewa. Ilimchukua wiki tatu kutazama vizuri na kugundua kwamba hakuna mashua yoyote iliyokuwa ikipita. Wakaoana mwaka uliofuata.

Siku mbili za kwanza za safari zilikwenda vizuri kuliko alivyothubutu kutumaini. Aubin alikula, alilala, aliyataja malango kwa majina yake moja baada ya jingine. Siku ya tatu, walipokwisha kupita Châtel-Censoir, gurudumu la nyuma la Ghislaine likapata pancha. Akamwambia mumewe aketi majanini asiondoke. Akafungua tairi, akatoa mpira wa ndani, akaushusha mferejini kutafuta tundu kwa mapovu, akiwa ameipa njia mgongo. Hazikupita dakika kumi. Alipogeuka, nyasi zilikuwa zimelala mahali Aubin alipokuwa ameketi. Baiskeli yake haikuwapo.

Akaita mara mbili. Kisha akabandika kiraka bila kukisubiri kikauke, akajaza upepo, akapanda.

Mbele kidogo alimkuta mvuvi mmoja amekalia kiti cha kukunja. Akamuuliza kama amemwona mzee mwenye shati la buluu.

"Amepita hapa akipiga mluzi," mvuvi alisema. "Alikuwa na haraka."

"Pale darajani alivuka?"

"Sikumtazama, mama. Samaki alikuwa anagusa ndoana."

Darajani njia iligawanyika. Mkono mmoja ulifuata maji, mwingine ulipanda kwenda barabara kuu inayopitiwa na malori ya mchanga. Ghislaine alisimama mguu mmoja chini. Kwenye maji Aubin alikuwa na mazoea. Barabarani hakuwa nayo, na huko ndiko angeumizwa upesi zaidi. Akachagua barabara. Alikanyaga pedeli kilomita mbili, akitazama kila mtaro, kila kichaka, akiogopa kuona kitu cha buluu. Malori mawili yalimpita. Hakuona kitu. Kengele ya kanisa la kijijini ikagonga saa sita, naye akajua amekosea: Aubin asingefika mbali hivyo kwa muda huo. Akarudi mbio, na tairi la nyuma lilikuwa limeanza tena kulegea.

Alipofika darajani mara ya pili alisikia maji. Hayakuwa maji ya kawaida ya mfereji, ambayo hayana sauti. Ulikuwa ule mngurumo wa vizibo vilivyofunguliwa, maji yakimwagika kwa nguvu kutoka chumbani. Saa ya chakula malango yote hufungwa na walinzi huenda kula. Hakuna mlinzi ambaye angekuwa kazini wakati huo, isipokuwa mmoja aliyesahau kwamba si mlinzi tena.

Mbele ya majabali meupe ya Saussois aliiona mashua ya kukodi ndani ya lango, na mara moja akaona kuna kosa. Mashua hailali vile. Pua ilikuwa imezama kuelekea majini, mkia umeinuka, na kamba ya nyuma imekaza kutoka kwenye mashua hadi nguzo ya chuma juu ya ukuta, imenyooka kama waya. Mtu aliyeifunga hakujua kwamba kamba haifungwi fundo langoni. Hushikwa mkononi na kulegezwa kadiri maji yanavyoshuka. Sasa maji yalikuwa yanaendelea kushuka na mashua ilikuwa inaning'inia. Vyombo vilivunjika ndani. Mwanamke mmoja alikuwa amekumbatia nguzo ya paa, akimwita mama yake mzee aliyekuwa chumba cha chini na jiko la gesi likiwaka. Mumewe, Mbelgiji mnene aliyevaa kofia ya nahodha, alikuwa juu ya ukuta akihangaika na fundo ambalo halikufunguka tena.

Kwenye mlango wa chini wa lango alisimama Aubin, na mkono wa chuma wa kuzungushia vizibo mikononi. Alikuwa ameukuta nyuma ya kibao cha dirisha la kibanda, mahali walinzi wote huuficha. Alitazama maji kwa utulivu wa mtu anayengoja kazi iishe.

"Aubin, funga!" Ghislaine aliita huku akitupa baiskeli chini.

Akamgeukia akatabasamu kwa adabu. "Subiri kidogo, dada. Barua zako nitazichukua mashua ikishapita."

Kumpokonya chuma asingeweza. Aubin bado alikuwa na mikono ya kazi, na wangeanguka wote wawili. Ndipo akakumbuka jinsi wakaguzi wa zamani walivyokuwa wakiwaita walinzi, kwa jina la ukoo, bila salamu. Akaituliza sauti yake, akaifanya nzito.

"Vauquelin. Shusha vizibo. Vyote viwili. Sasa."

Aubin alishtuka, akanyooka, akakamata kifungo kinachozuia gurudumu la kizibo na kukiachia. Kizibo cha kwanza kikaanguka. Akavuka juu ya mlango kwa hatua fupi za haraka na kushusha cha pili. Mngurumo ukakoma. Mashua ilibaki ikining'inia, ikilia polepole kila ilipoyumba.

Yule Mbelgiji alikuwa amechomoa kisu cha mkate. Alikiweka juu ya kamba.

"Usikate," Aubin alisema.

"Nyamaza wewe mzee, ndiwe uliyetufikisha hapa," mtu yule alijibu, na hilo lilikuwa kweli.

"Ukikata, mkia unaanguka mita moja kwa mpigo. Aliye chini anavunjika mgongo. Maji yarudishwe kwanza yaibebe, kisha fundo litafunguka lenyewe." Akamtazama Ghislaine, na safari hii alimwona. "Mke wangu, mwambie."

Dakika chache nyuma mtu huyu hakujua ni mwaka gani. Ghislaine alikuwa na pumzi moja ya kuamua kama hayo yalikuwa maneno ya mlinzi aliyefanya kazi hiyo miaka thelathini au ya mgonjwa. Akamshika Mbelgiji kifundo cha mkono, kwa mikono yote miwili, akakivuta kisu nyuma.

"Msikilize," alisema. "Hii ndiyo kazi yake."

Aubin alikwenda mlango wa juu. Hakufungua kwa pupa. Alizungusha meno mawili ya gurudumu, akasubiri, akazungusha mengine mawili, macho yake yakiwa kwenye mkia wa mashua. Maji yalipanda taratibu mno hivi kwamba mwanamke wa mashuani alianza kulia akidhani hakuna kinachofanyika. Kisha ule mlio ukapungua. Pua ikainuka. Kamba ikatikisika, ikalegea, ikapinda katikati. Mbelgiji alifungua fundo, na baada ya kitambo bibi kizee akatoka chini, supu imemwagika kwenye aproni yake yote, akauliza nani amewafundisha watu hawa kuendesha.

Mlinzi wa lango, Lorcet, alirudi saa saba kasoro dakika chache akakuta kila mtu ameketi chini. Ghislaine hakumficha kitu. Alisema mumewe ndiye aliyefungua, na yeye ndiye aliyemleta, akijua. Lorcet akauchukua ule mkono wa chuma wa vizibo, akasema kwamba itabidi aandike taarifa. Ghislaine akamjibu aandike. Kisha akampigia simu Clotilde. Binti akauliza tu wako lango lipi.

Walimsubiri wakiwa wamekaa kwenye ukingo wa mawe. Aubin alikuwa amechoka, lakini akili yake ilikuwa safi, kama ilivyokuwa mara moja moja.

"Mimi ndiye niliyefungua, sivyo?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa najua ninalofanya?"

Ghislaine aliwaza kumpa jibu la kumpoza. "Mwanzoni hapana," alisema. "Mwishoni ndiyo."

Akakubali kwa kichwa, akamshika mkono.

Clotilde alifika na gari, macho mekundu, akapakia baiskeli. Maneno aliyaleta baadaye, wiki nzima, na Ghislaine aliyapokea yote, kwa kuwa alistahili. Lakini majira ya kuchipua yaliyofuata alikwenda kwa fundi wa baiskeli huko Vincelles akanunua baiskeli kuukuu ya watu wawili, yenye siti mbele na nyuma. Yeye alishika usukani na breki. Aubin alikanyaga tu na kupiga mluzi. Waliendesha hivyo majira mawili ya joto, kilomita kumi, wakati mwingine tano, hadi miguu ya Aubin iliposahau nayo. Clotilde aliwafuata na gari mara ya kwanza. Mara ya pili alileta baiskeli yake.