Ua la Nyumba ya Pili

Mtaani kwetu Malindi mikrismasi ni mikongwe kuliko nyumba nyingi, na kila mmoja una wakati wake wa kuchanua. Wetu hutangulia, ukawa mwekundu peke yake mtaa mzima, na ukishapukutika ndipo ya majirani inapoamka. Hilo nilikuwa nikilijua tangu utotoni. Siku nilipomwelekeza mchumba wangu, nikalisahau.

"Waambie wazee watafute mkrismasi uliochanua," nilimwambia kwenye simu. "Hawapotei."

Wazee wake walitoka Takaungu wiki mbili baadaye kuja kuniposa. Baba hakuwa na hamu nao. Alishasema waje baada ya swala ya alasiri, na wakichelewa wasijisumbue tena. Nilikuwa jikoni nikikaanga sambusa niliposikia sauti ngeni upande wa jirani. Nikachungulia dirishani. Mti wetu ulikuwa majani matupu. Wa jirani ulikuwa umewaka wote, na chini yake wanaume watatu wenye kanzu wanakunywa kahawa.

Jirani huyo, fundi cherehani aliyestaafu, hakujaliwa binti. Alijaliwa ule mti, na kila ukichanua hushinda na ufagio akinung'unika. Lakini kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa kahawa, kwa hiyo hakuwauliza.

Ami yake mchumba wangu akakohoa. "Sheikh, tumeona ua zuri hapa kwako. Tumekuja kuliomba."

"Moja tu?" jirani akashangaa. "Chukueni yote. Wallahi yashanichosha."

Wageni wakatazamana. "Na mahari?"

"Mahari ya nini? Nitawapa na gunia."

Nikakimbilia sebuleni. "Baba, wageni wako kwa jirani. Wananiposa huko."

Baba akatazama saa. "Wamepotea mchana kweupe. Mwanangu watamfikisha wapi?"

Nililia, siwezi kuficha, na sambusa zikaungua.

Hatimaye jirani aling'amua wanachotaka, akawaelekeza kwetu, nao wakabisha hodi, ami akiwa na gunia mkononi, kalikunja vizuri. Nikajibanza nyuma ya pazia. Baba aliwaacha wakae, kisha akauliza kwa ukavu, "Mmekuja kuomba nini?"

Maneno yote matamu aliyoyaandaa tangu Takaungu, ami akayameza.

"Binti yako," akasema. "Mtu. Mmea hatutaki."

Nikamsikia Baba akicheka, na Baba akishacheka huwa hawezi tena kukataa jambo.