Trei ya Maua ya Njano

Jumamosi ya kwanza ya Julai mwaka huu, saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa sakafuni katika nyumba ya marehemu bibi yetu huko Lalago, nikikung'uta vumbi kwenye vitu vichache vilivyosalia. Mvua za masika zilikuwa zimeangusha ukuta wa nyuma, na mjomba alikuwa juu ya paa aking'oa mabati kabla nyumba nzima haijalala chini. Juu ya kabati la vyombo, chini ya gazeti lililogeuka rangi ya udongo, nilikikuta kitu ambacho, nikiri kwako, ndicho hasa kilichonitoa Bariadi alfajiri ile: trei iliyotengenezwa kwa fremu ya picha, yenye kitambaa cha maua ya njano chini ya kioo na vishikio vya ngozi ya ng'ombe.

"Umepata cha maana huko?" mjomba aliuliza kutoka juu.

"Trei ya bibi."

"Chukua. Mimi nigawie mabati, wewe kanywe chai," alisema, akacheka peke yake.

Mimi sikucheka. Chini ya maua yale kulikuwa na picha pekee ya mama yetu mzazi. Niliyeiweka humo ni mimi, nikiwa na umri wa miaka tisa.

Mama alifariki nikiwa na miaka mitano na mdogo wangu akiwa bado ananyonya. Bibi ndiye aliyetulea. Mdogo wangu, ambaye sasa anaishi Tabora na amekwisha kuwa bibi wa mtu, haukumbuki kabisa uso wa mama. Maisha yake yote ameambiwa kwamba picha ile ililiwa na mchwa. Mwezi Juni binti yake alijifungua mtoto wa kike, wakampa jina la mama, na mdogo wangu akanipigia simu.

"Dada, kila anayekuja kumwona mtoto anauliza amefanana na nani. Nawajibu nini? Nyumba ikibomolewa, hebu nitafutie. Hata kipande. Huenda mchwa walibakiza."

Nilimjibu kwamba nitatafuta. Kwa zaidi ya miaka arobaini nilikuwa nimejiaminisha kwamba picha iko salama, kwamba inangoja tu mkono mtulivu wa kulibandua lile ua. Tumaini hilo ndilo lililonizuia kuifungua trei. Maadamu haikufunguliwa, mama alikuwa ndani.

Nikurudishe sasa kwenye msimu ule. Ulikuwa wakati wa kuchuma pamba, na wewe uliyekulia huku unajua jinsi nyumba zetu zilivyokuwa zikijaa. Chumba cha mbele kilifurika pamba hadi karibu na dari, nasi watoto tulilala pembeni yake, tukiwashwa na vumbi lake, tukiota joto lake. Jioni tulikaa juu ya mikeka tukichambua: nyeupe huku, yenye madoa kule. Tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na kupondwa pamoja na karanga, na huku nje kengele za ng'ombe waliorudi zizini zilisikika mojamoja, hata bibi aliweza kusema ni ng'ombe yupi bado hajafika.

Ukutani, juu ya pamba, ilining'inia picha. Mama alikuwa amesimama studio, mkono mmoja juu ya kimeza chenye maua ya plastiki, miguuni amevaa viatu vyeupe vya mkanda. Viatu vile vilikuwa vya jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti kubwa ambaye hakuacha kamwe kutukumbusha.

"Mkimsifu huyo dada kwa kupendeza, mnisifu na mimi," alikuwa akisema kila alipoingia. "Nusu ya picha hiyo ni yangu. Na alivirudisha vimebonyea kisigino!"

Bibi alikuwa akimjibu kwamba studio haikupiga visigino.

Mwaka ule shuleni kwetu alihamia mwalimu wa sayansi kimu kutoka mkoa wa mbali, mwanamke mwembamba aliyenukia sabuni ya kuogea hata saa nane mchana. Alitangaza kwamba siku ya wazazi kila msichana ataonyesha kazi ya mikono yake, na kazi hiyo ni trei. Kila mmoja alete fremu kuukuu isiyo na kazi. Kitambaa angetugawia yeye, vipande vilivyobaki aliposhona mapazia ya nyumba yake. Alitueleza hatua zote bila haraka: ubao wa nyuma unatolewa, kitambaa kinabandikwa juu yake kwa uji mzito wa unga wa muhogo, kinapigwa pasi kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, kinakunjwa kwa nyuma, kisha kioo kinarudi, fremu inafungwa, vishikio vinapigiliwa. "Kitambaa kikikunjamana, anza upya," alisema. "Msiniletee trei yenye makunyanzi kama uso wangu siku ya mshahara."

Nyumbani kwetu palikuwa na fremu moja tu, nayo ilikuwa na kazi.

Ningeweza kusema kwamba nilikuwa mtoto na sikuelewa, lakini huo haungekuwa ukweli wote. Nilielewa kwamba picha ni ya thamani. Nilichokosea ni kitu kingine. Kwetu, mgeni alipofika, binti wa nyumba ndiye aliyempelekea chakula, akipiga magoti, mikono yote miwili imeshika chombo, macho chini. Wenzangu walipopiga magoti, mama zao walisimama mlangoni nyuma yao. Nyuma yangu palikuwa na mlango mtupu. Basi nilifikiri, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba mama akiwa ndani ya trei, chini ya vikombe, tutakuwa tunawakaribisha wageni pamoja.

Jioni ya kuamkia siku ya wazazi bibi alichelewa shambani. Nilipanda juu ya pamba, nikaishusha fremu, nikaifungua kwa kisu. Picha ilikuwa imegandishwa na watu wa studio juu ya ubao wake mgumu, haikutoka, nami sikujaribu mara ya pili. Nilipaka uji wa muhogo usoni kwa mama, ungali vuguvugu, nikaanza katikati kama tulivyofundishwa. Nakumbuka nilimwambia afumbe macho. Uji ulinipungukia kabla sijafika chini, kwa hiyo sehemu ya miguuni niliiacha kavu, nikavuta kitambaa juu yake na kukikunja kwa nyuma.

Shuleni mwalimu alipitisha kidole juu ya maua. "Hakuna hata kunyanzi moja," alisema. "Picha uliitoa?"

"Niliitoa, mwalimu."

Siku ya wazazi trei yangu iliwekwa mbele kabisa. Bibi hakuweza kuja. Palikuwa na pamba ya kumaliza. Nilirudi mbio, nikapika chai ya maziwa, nikapanga vikombe viwili juu ya maua, nikaingia chumba cha mbele, ambako bibi na jirani walikuwa wakichambua. Nilipiga magoti.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia jirani kwa salamu ya jioni, nikimwita mama.

"Mwadila, ng'wana wane, mwanangu. Ala! Nyumba hii imekuwa hoteli sasa?" Alichukua kikombe, akaikagua trei, kisha, kwa mazoea yake, akauinulia ukuta macho ili avidai viatu vyake. Palikuwa na msumari mtupu. Sikuwahi kumwona jirani yule akinyamaza.

Bibi naye alitazama ukuta. Halafu alinitazama mimi.

"Picha iko wapi?"

"Imo humu, bibi. Iko salama. Anakaribisha wageni."

Bibi aliondoa kikombe chake, akaigeuza trei, akailegeza misumari ya upande wa juu kwa ncha ya kisu. Alikivuta kitambaa kidogo sana, upana wa kidole. Nilikuwa karibu kuliko jirani, nikaona: kitambaa kilikuja na nywele za mama. Upande wa chini wa ua palikuwa na weusi, na ubaoni palibaki peupe. Bibi alikirudisha. Alikibonyeza kwa dole gumba, muda mrefu, kama mtu anayeziba damu. Kisha akairudishia misumari, akaweka kikombe chake juu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hukuleta sukari. Mletee mwenzangu sukari."

Nilipotoka nilimsikia akimwambia jirani, "Mchwa. Ukiulizwa, ni mchwa."

Jirani akajibu, "Wamekula na viatu vyangu," lakini hakucheka, wala hakuvitaja tena hadi alipofariki.

Bibi hakunichapa. Laiti angenichapa. Badala yake aliifanya ile trei kuwa chombo kikuu cha nyumba. Kila mgeni alinywea chai juu yake, padri, wanunuzi wa pamba, wajomba waliotoka Shishiyu. Hakuruhusu mtu mwingine aifute. Mdogo wangu alipofikisha umri wa kuhudumia, ni yeye aliyepiga magoti, trei mikononi, akitazama chini kwa adabu. Alikuwa akiutazama uso anaoutafuta hadi leo. Mimi nilisimama mlangoni nyuma yake.

Jumamosi ile nilirudi Bariadi nikiwa nimeipakata trei. Jumatatu niliipeleka kwa fundi wa picha mjini, mtu mzima mwenye mikono myepesi. Nilimwomba aifungue yeye, nikamweleza kwamba mdogo wangu anautafuta uso wa mama. Alifanya kazi kwa kibano na mvuke wa birika kwa muda wa saa moja, na kitambaa kilipoachia hatimaye, alinigeuzia ubao. Ulikuwa mweupe karibu wote, wenye ramani ya ukungu wa kahawia. Upande wa nyuma wa kitambaa palikuwa na vumbi jeusi lililopukutika alipoligusa.

"Mama, hapa hakuna cha kusafisha," alisema. "Kompyuta inarekebisha uso uliopo. Huu haupo." Kisha, kwa huruma, akaongeza, "Ila niletee picha yako na ya mdogo wako. Naweza kuwatungia uso wa katikati, nikaufanya wa zamani. Siku hizi watu wanafanya. Hatajua."

Nilikwenda nyumbani na pendekezo hilo, nikaishi nalo siku nyingi. Ningeweza kumpa mdogo wangu uso wa kutundika juu ya kitanda cha mjukuu, na wageni wangesema mtoto amefanana. Mimi mwenyewe nilijaribu kumkumbuka mama ili nimsahihishe fundi, nikagundua kwamba ninachokumbuka ni fremu, kimeza na maua ya plastiki. Katikati yake pana maua ya njano. Bibi hayupo wa kuulizwa, jirani hayupo, studio ile ni duka la vifaa vya pikipiki, na ukuta uliobeba ule msumari sasa ni udongo.

Simu sikupiga. Kwenye simu angenisamehe kabla sijamaliza. Mwishoni mwa Julai nilimtumia bahasha kwa basi la Tabora, na ndani yake barua hii:

"Mdogo wangu,

Hakuna mchwa. Bibi alisema uongo kwa ajili yangu, nami nikauendeleza kwa ajili yangu. Nilipokuwa na miaka tisa niliibandikia picha ya mama kitambaa, nikaifanya trei. Ndiyo ile uliyokuwa ukibebea chai. Nimeifungua. Uso haupo, mikono haipo, gauni halipo. Ukiulizwa mtoto amefanana na nani, sina jibu la kukupa, na jibu nililonalo lingekuwa la kutungwa.

Ndani ya bahasha utakuta ukanda mwembamba wa picha. Ulikuwa umebanwa na fremu upande wa chini, ambako uji uliniishia, nami nimeukata kutoka ubaoni. Viatu vyeupe unavyoviona ni vya jirani. Lakini tazama juu ya mkanda wa kiatu cha kushoto. Pana kipande cha ngozi, upana wa ukucha wa kidole kidogo.

Hicho ndicho mama.

Dada yako."